Hesabu ya Familia Inayongoja Ndege

Habari ya safari huonekana mlangoni kabla haijatangazwa. Katika kijiji kimojawapo cha Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, godoro hutolewa nje asubuhi, kisha sufuria, jerikeni za njano, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, paneli ya sola na betri yake. Jirani hupita, huinamia cherehani, huzungusha gurudumu lake kwa kiganja na kuuliza bei kwa sauti ya mtu asiye na haja. Anajua kwamba wenye nyumba wamepata tarehe ya ndege, na mwenye tarehe hawezi kumngoja mnunuzi wa pili. Cherehani iliyonunuliwa Mbarara kwa akiba ya mwaka mzima huanza siku kwa nusu ya bei yake. Jua likitua, robo nayo hukubaliwa.

Hesabu ya kuhama kwa kawaida huanzia kwenye nauli. Nauli ina namba, ina karatasi, ina mtu wa kuidai. Lakini kwa familia za Nakivale nauli siyo gharama kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni kuishi miaka mitano, kumi au zaidi bila kujua kama safari ipo, huku kila shilingi ikitumiwa kwa macho mawili: jicho moja shambani, jingine kwenye simu. Wakongo hapa husema “kesi”, yaani faili la familia la kuhamishiwa nchi ya tatu. Kesi inatembea, kesi imelala, kesi iko medikali. Kwa neno hilo moja hupangwa ada za shule, mimea ya kupanda na hata unene wa ukuta wa nyumba.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwaka 1958, yakatangazwa katika gazeti la serikali mwaka 1960, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi kutoka Rwanda. Leo yako ndani ya wilaya ya Isingiro, kilomita zipatazo 50 kutoka Mbarara, yakiwa na kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na zaidi ya watu laki moja na nusu: Wakongo walio wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kila mmoja akija nacho kwa lafudhi ya kwao.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, humruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufungua biashara, kutembea nchini na kulima kipande anachogawiwa. Ndiyo sifa ambayo Uganda husifiwa kwayo duniani. Ila kanuni hizohizo zinasema wazi kwamba kipande hicho ni cha kutumia tu. Hakiuzwi wala hakikodishwi. Kwa anayekaa, hilo halimnyimi usingizi. Kwa anayehama, maana yake ni kwamba mali yake kubwa kuliko zote, yaani udongo alioufyeka, akaurutubisha na kuuzungushia migomba, haina bei siku ya kuondoka. Anachoweza kugeuza kuwa fedha ni mabati, milango, mifugo na vyombo.

Eneo hili limewahi kuona watu wakihama na mali za kila aina, na zote hazikusafiri sawa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Wenye maduka Mbarara, kama wenzao wa Kampala na Jinja, waliacha rafu zikiwa zimejaa. Kila familia iliruhusiwa kutoka na fedha zisizozidi pauni 50 hivi. Nyumba na maduka vikawekwa chini ya bodi ya wadhamini, na sheria ya kuwarudishia wenyewe haikupitishwa hadi mwaka 1982. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Wanyarwanda wa Ankole walifukuzwa vijijini mwao na viongozi wa chama tawala na vijana wao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Rwanda au kusukumwa ndani ya makazi kama Nakivale na Oruchinga, wengine wakirudi palepale walipoanzia maisha.

Miaka kumi na miwili baadaye mambo yaligeuka. Serikali mpya ilipochukua madaraka Kigali mwaka 1994, Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi tangu 1959 walivuka mpaka kurudi kwao wakiwa na makundi makubwa ya ng'ombe. Malisho yalihitajika kiasi kwamba mwaka 1997 mbuga ya Akagera ilikatwa, sehemu kubwa ikawa ya wafugaji na wakulima waliorejea. Ng'ombe hutembea kwa miguu yake hadi kwenye maisha mapya, na njiani hutoa maziwa. Duka halitembei, na mgomba haung'olewi. Mkongo anayepelekwa Ohio au Alberta hana mpaka wa kuvuka kwa miguu: anapewa kipimo cha mizigo, na ng'ombe hawamo katika kipimo hicho.

Kuna familia nyingine za Afrika Mashariki zilizopita njia hii ya kungoja, nazo ni za Wayahudi. Mwaka 1990 Wayahudi wa Ethiopia wapatao 20,000 waliuza mifugo na vyombo vyao katika vijiji vya Gondar na kwingineko kaskazini, wakaenda Addis Ababa kwa kuwa waliambiwa ndege za Israel ziko karibu. Hazikuwa karibu. Wakulima na wafua vyuma waliojitegemea wakawa wapangaji wa vibanda vya jijini, wakiishi kwa posho ya mashirika ya misaada, kwa muda uliokaribia mwaka mzima. Tarehe 24 na 25 Mei 1991, ndani ya saa 36 hivi, zaidi ya 14,000 kati yao walisafirishwa katika operesheni iliyopewa jina la mfalme Sulemani, baada ya serikali ya Ethiopia kulipwa dola milioni 35. Nauli ile haikudaiwa kwa abiria. Walichokuwa wamekilipa wenyewe ni mwaka wa kungoja, na walikilipa kwa ng'ombe waliouzwa kwa bei ya haraka. Wapo wengine wa jamii hiyo, wazao wa waliobatizwa Ukristo, waliohamia mji wa Gondar baada ya hapo kwa tumaini lilelile na kukaa miaka mingi mno wakiwa si wakulima tena wala si wasafiri.

Nakivale imejifunza somo hilo bila kufika Gondar. Wenye busara hawauzi chochote hadi karatasi ya safari iwe mkononi, ndiyo maana mauzo hufanyika kwa siku chache na kwa bei ya kutupa. Ni hasara, lakini inahesabika. Hasara isiyohesabika iko katika yale ambayo familia haikuyafanya.

Maharage hukomaa kwa miezi mitatu. Mbuni wa kahawa huhitaji miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno ya maana. Familia yenye kesi inayotembea hupanda maharage. Nyumba ya tofali hudumu, lakini fedha zake hazirudi; basi familia hubaki kwenye udongo na turubai, msimu baada ya msimu, ikisema ni mwaka huu tu. Mtoto yuko kidato cha pili: je, alipiwe shule ya bweni Mbarara, au akae hapahapa kwa kuwa karibuni atasoma kwa Kiingereza cha ng'ambo bila ada? Baba ni fundi seremala na duka lake lingepanuka kwa mkopo. Achukue deni la miaka miwili na kesi ikitoka kesho?

Si kwamba watu hawa wanakaa mikono mapajani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika makazi ya Nakivale na Kyangwali, asilimia 99 ya kaya zilikuwa na njia yao ya kipato, japo nyingine ndogo. Wasomali wa Base Camp huuza jumla na rejareja na kushika miamala ya fedha. Wakongo hushona, huuza vitenge, husuka nywele. Warundi na Wanyarwanda hulima na kuwauzia wachuuzi wa Uganda wanaokuja na malori. Benki nazo zimelinusa soko hilo, na Benki ya Opportunity ilifungua huduma ndani ya makazi yenyewe. Lakini benki inayokopesha mtu anayetarajia kuondoka nchini nayo ina hesabu zake za tarehe.

Kwa hiyo akiba nyingi huwekwa mahali panapofunguka haraka. Wakongo wana likelemba, Wanyarwanda wana ibimina, Wasomali wana ayuuto. Mtanzania angeita upatu na Mkenya angeita chama. Wanachama huchanga kila wiki au kila mwezi, na chungu chote humwendea mmoja kwa zamu. Vikundi vya kuweka na kukopa hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti. Utaratibu huu wa kale unategemea jambo moja, kwamba kila mtu atakuwepo mzunguko utakapomalizika. Mwenye kesi anayeomba zamu ya kwanza hutazamwa kwa jicho la pembeni. Akila chungu leo na ndege ikamchukua mwezi ujao, nani atachangia zamu zilizobaki? Njia ya kawaida ya kutoka ni dhamana ya ndugu anayebaki, au zamu kusukumwa mwisho, ambayo kwa msafiri ni sawa na kuweka fedha asizojua kama atazila.

Kisha kuna Mbarara. Mji huu, wenye hospitali ya rufaa, chuo kikuu, soko kuu na stendi ya mabasi ya Kampala, ndio dirisha ambalo kwalo Nakivale huchungulia nje. Kuhojiwa na kupimwa afya kwa ajili ya kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi na mkimbizi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, hurudia kila mara kwamba huduma zake ni za bure na anayedai malipo ni tapeli. Lakini bure hiyo ina nauli ya boda, siku ya kibarua iliyopotea, picha za pasipoti, fotokopi, cheti cha mtoto aliyezaliwa katikati ya mchakato, na wakati mwingine usiku wa kulala mjini. Vipimo vya afya vina muda wa kuisha, ukaguzi wa usalama una wake, na hatua moja ikichelewa nyingine hupitwa na wakati na kurudiwa. Mtoto akitimiza miaka 21 anaweza kuhesabiwa kama kesi yake mwenyewe. Familia iliyokuwa moja katika kadi hugawanyika katika karatasi, na kila karatasi ina safari zake za mjini.

Hata kupokea fedha kutoka kwa ndugu kulikuwa na kikwazo chake: bila kitambulisho kinachokubalika, mkimbizi hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hakuna pochi ya simu. Mwaka 2019 mamlaka ya mawasiliano ya Uganda iliruhusu barua ya utambulisho ya mkimbizi itumike kusajili laini. Hatua hiyo iliwaingiza wengi katika MTN na Airtel, ambako kila anayetoa fedha, raia au mkimbizi, hukatwa pia kodi ya nusu asilimia iliyobaki baada ya maandamano ya mwaka 2018 dhidi ya kodi ya miamala ya simu.

Nauli yenyewe hufika mwishoni kabisa, katika umbo la karatasi ya kutia saini. Kwa wanaokwenda Marekani, shirika la kimataifa la uhamiaji, IOM, hununua tiketi kwa mkopo. Mfuko wa mikopo hiyo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukiwahudumia Wazungu waliong'olewa makwao na vita, wakiwemo Wayahudi walionusurika. Hauna riba. Malipo huanza takriban miezi sita baada ya kufika, na kwa kawaida huchukua miaka mitatu na nusu hivi. Kila mtu mzima husaini ya kwake, na wazazi hubeba ya watoto wadogo.

Tuseme familia ya watu saba, kila tiketi dola 1,200. Jumla ni dola 8,400, yaani shilingi milioni 30 hivi za Uganda, deni ambalo hakuna mtu wa Nakivale angekopeshwa na benki yoyote. Kwa miezi 42, ni dola 200 kila mwezi, zikidaiwa katika nyumba ambayo kodi ya pango bado inatafutwa. Mlipaji mzuri hujijengea historia ya mkopo, ambayo Marekani ni kama kitambulisho cha pili. Asiyelipa huharibu jina lake kabla hajajua jina hilo linaandikwa wapi.

Nchi nyingine zina hesabu tofauti. Kanada nayo hukopesha nauli, na iliacha kutoza riba Februari 2018. Australia huwalipia tiketi wakimbizi wengi inaowachagua yenyewe. Israel hufanya kinyume kabisa kwa Myahudi anayehamia kwa sheria ya kurejea ya mwaka 1950: tiketi ya bure, kisha fedha za kuanzia maisha kwa miezi ya mwanzo, kiasi cha kwanza kikitolewa mara anapowasili. Uganda ina Wayahudi wake, Abayudaya wa Mbale, ambao walianza dini hiyo mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu na kuificha enzi za Amin. Hata hivyo mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israel ilikataa kumtambua mmoja wao aliyeomba kuhamia. Mtu mmoja, ndege ileile, anaweza kutua akiwa na fedha mkononi au na deni la dola elfu moja na zaidi. Kinachoamua ni jina atakaloitwa na ofisi inayompokea.

Mila ya Kiyahudi imegusa safari za Nakivale kwa upande mwingine pia. HIAS, shirika lililoanzishwa New York zaidi ya karne moja iliyopita kuwapokea Wayahudi waliokimbia Urusi ya wafalme, limekuwa miongoni mwa mashirika yanayowapokea wakimbizi wa kila dini Marekani, Wakongo wakiwemo. Na jijini humohumo, mwaka 1892, Wayahudi walianzisha chama cha kukopeshana bila riba, kwa kuwa Torati inakataza kumtoza ndugu riba. Msomali Mwislamu wa Base Camp, anayekwepa mkopo wa benki kwa sababu ya aya zake mwenyewe, angeuelewa mfuko huo bila kufasiriwa.

Safari haifungi daftari la Nakivale. Kufikia mwaka 2024 msaada wa mapokezi Marekani ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kichwa kwa siku 90 za mwanzo, na sehemu kubwa ilimezwa na pango. Kabla siku hizo hazijaisha, simu huanza: ada ya binamu, dawa ya bibi, mchango wa msiba. Kutuma dola 200 Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa asilimia 8 hivi, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 3 ifikapo 2030. Tangu Januari 2026 Marekani imeongeza kodi ya asilimia moja kwa anayetuma kwa fedha taslimu. Anayetuma kupitia akaunti ya benki hakatwi. Tofauti hiyo ndogo humwangukia mgeni ambaye bado hana akaunti.

Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio walioongoza, karibu 20,000. Kisha Januari 2025 serikali mpya mjini Washington ilisimamisha mpango wote. Maelfu duniani waliokuwa na tiketi walifutiwa ndege. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 nafasi ziliwekwa 7,500 tu, nyingi zikitengwa kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Aliyekuwa ameuza cherehani kwa robo ya bei alibaki kijijini bila chombo cha kazi, na kukipata tena ni kukinunua kwa bei ya Mbarara.

Pigo hilo halikuja peke yake. Tangu Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa limewapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi: wahitaji zaidi asilimia 60 ya mgao, wanaofuata asilimia 30, na wanaohesabiwa kujitegemea hawapati kitu. Mei 2025 upungufu wa fedha ulilifanya liwaondoe karibu watu milioni moja kwenye orodha, wakabaki 663,000. Kaya iliyokuwa ikiishi kwa mgao huku ikiweka akiba ya safari sasa haina mgao, na safari yenyewe imelala.

Mvua za Septemba zinapokaribia, kipande kilekile kisichouzika huwekwa tena mezani. Maharage yataliwa kabla ya Krismasi, na kaya iliyoondolewa kwenye mgao inayahitaji kabla ya hapo. Miche ya kahawa, kwa mwenye uwezo wa kuinunua, ingeanza kulipa baada ya miaka mitatu hivi, na kuinunua ni kukubali kwamba wakati huo familia bado itakuwa Isingiro. Wapo wanaogawa kipande mara mbili, maharage mbele ya nyumba na mistari michache ya mibuni nyuma, mahali ambapo anayepita barabarani haioni.